Mkonze kwa Hiari Yangu

Siku ya pili tangu idara yao ihamie Dodoma, Respicius, afisa utumishi, alimshika Cornel mkono juu kidogo ya kiwiko, vile watu wenye haraka wanavyomshika mtu asiyeona, akampeleka nyuma ya ofisi kumwonyesha chumba.

"Nusa mwenyewe, Mzee Cornel," alisema. "Rangi bado mbichi. Nimewasimamia mafundi tangu jana."

Cornel alinusa. Chini ya rangi alipata harufu ya karatasi za zamani, wino wa stensili na mende. Akanyoosha mikono, akagundua kwamba akisimama katikati anagusa kuta zote mbili.

"Hii ilikuwa stoo," alisema.

"Ilikuwa. Sasa ni makazi yako. Toka hapa mpaka kwenye swichibodi ni hatua kumi na saba, nimezihesabu kwa miguu yangu. Choo kiko hapo kushoto. Mlinzi yupo, na chakula mama wa kantini atakuletea. Hutavuka hata barabara moja."

Sauti ilikuwa na tabasamu. Cornel alikuwa opereta wa simu kwa miaka kumi na tisa na alijua sauti ya mtu inavyobadilika anapotabasamu. Alijua pia kwamba tabasamu hili ni la kweli. Kijana huyu hakuwa na ubaya wowote. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjibu.

"Sila wa uhasibu naye amepewa stoo gani?" aliuliza.

"Sila?" Respicius alicheka. "Sila na wenzake wamepewa siku saba watafute nyumba mjini. Ndio utaratibu wa uhamisho."

"Basi na mimi naomba siku zangu saba."

Huko mbele ya ofisi wapagazi walikuwa wakishusha makabati ya chuma kutoka kwenye lori, wakitukanana kwa utani. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Bunge lilikuwa limeanza kukutania Dodoma, na kila wiki mji ulipokea watu waliokuja na mafaili, magodoro na familia zao, wote wakiulizia vyumba.

"Mzee Cornel, utatafutaje nyumba?"

"Kama wanavyotafuta wengine. Nitatembea, nitauliza."

"Na ukipata, utakaaje peke yako? Hapa nimekufikiria. Hapa uko karibu na kazi yako."

"Nashukuru, Bwana Respicius. Lakini inayolala ofisini ni swichibodi. Mimi jioni huwa narudi nyumbani."

Hakuwa amewahi kuwa na nyumba ya kurudi, na huenda ndiyo sababu maneno yalimtoka kwa ukali kuliko alivyokusudia. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne, kwao Kibakwe. Dada yake Hilda alimwongoza kwa mkono mpaka alipopelekwa shule ya wasioona Buigiri, na kutoka Buigiri akaenda Dar es Salaam kujifunza kazi ya simu na kupiga taipu. Huko aliishi Temeke kwa binamu yake miaka yote. Walimpenda. Walimchagulia shati, walimtilia chumvi kwenye mchuzi, na mgeni akija alimuuliza mke wa binamu, "Huyu anakula wali au ugali?" wakati Cornel amekaa pale pale, kijiko mkononi. Siku moja alitoka peke yake kwenda kununua sabuni, duka la tatu tu kutoka nyumbani, akarudi akakuta mke wa binamu analia uani na majirani wamejaa kana kwamba kuna msiba. Hakutoka tena bila kuaga. Lakini aliposikia idara inahamia Dodoma, wenzake wakalalamika kuhusu vumbi na maji ya chumvi, yeye alikwenda chooni, akafunga mlango, akacheka mwenyewe.

Kwa hiyo alichukua siku zake saba, akapanga chumba cha wageni Majengo, karibu na soko, na asubuhi akatoka na fimbo yake nyeupe.

Alianza na Area C, kwa sababu kila mtu ofisini aliitaja kwa heshima. Barabara zilikuwa pana na zimenyooka. Fimbo ilipogonga, mlio ulimrudia ule ule kutoka kuta za kulia na za kushoto, ukuta baada ya ukuta, na baada ya nusu saa hakujua kama yuko mtaa wa kwanza au wa tano. Alisimama amsubiri mpita njia. Hakupita mtu, mbwa tu ndio waliombwekea, wakipokezana nyumba hadi nyumba. Hatimaye alipata geti lenye chumba cha kupangisha. Mwenye nyumba, mstaafu mwenye kikohozi, alitoka hadi getini.

"Umekuja na nani?" aliuliza.

"Na miguu yangu."

"Nina maana nani atasaini mkataba?"

"Mimi. Nina saini nzuri, nimefunzwa."

Mstaafu alikohoa kwa muda mrefu. "Lete ndugu yako mwenye macho," alisema mwishowe. "Sina ubaya na wewe. Lakini nataka mtu wa kumuuliza."

"Ndugu yangu mwenye macho hataishi hapa. Utamuuliza nini?"

Geti lilifungwa taratibu, kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyomuudhi Cornel zaidi.

Siku mbili zilizofuata alizunguka Chang'ombe. Hapo palimpendeza. Redio zilipishana nyimbo, wanawake walikaanga maandazi milangoni, na mtu akipita haachi kusalimia. Alipata chumba kwa mzee mmoja fundi seremala ambaye hakuuliza habari za ndugu. Walikubaliana, wakashikana mikono. Lakini Chang'ombe ya wakati ule ilijengwa kila siku. Njia aliyoipita siku ya kwanza akaishika kichwani, asubuhi iliyofuata mtu alikuwa ameichimba msingi, na Cornel akatumbukia hadi kiunoni. Goti lilipasuka. Watu walimtoa, mama mmoja akamwosha damu, mwingine akamletea chai, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka. Seremala hakucheka.

"Bwana, mimi naghairi," alisema kwa sauti ya chini. "Leo goti, kesho shingo. Watakuja kuniuliza mimi."

"Vijana wa hapa hawaanguki?"

"Wanaanguka. Lakini wao wakianguka haulizwi mtu."

Maneno hayo Cornel aliondoka nayo akichechemea. Jioni alimkuta dereva wa ofisi anamsubiri nyumba ya wageni, ametumwa na Respicius. Habari ya goti ilikuwa imeshafika. Dereva alisema, "Afisa anakwambia chumba bado kipo, na godoro limeshaingia."

"Mwambie bado nina siku nne," alisema Cornel.

Siku ya tano alikwenda sokoni kununua karanga. Mwanamke aliyempimia alikuwa na sauti nzito, na Kiswahili chake kilitembea polepole, kama cha mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Cornel hakuwa amesikia lafudhi hiyo kwa muda mrefu.

"Mbukwa," alimsalimia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi!" Mwanamke alishtuka. "We mtu wa wapi?"

"Kibakwe. Na wewe, dada?"

"Mkonze. Huko njia ya Iringa." Alimwongezea karanga za juu. "Mguu umefanya nini?"

"Nimeanguka kwenye msingi nikitafuta chumba."

"Umepata?"

"Wananiogopa."

Mwanamke alitafuna kitu, labda karanga zake mwenyewe. "Mimi nina vyumba viwili," alisema. "Vya tofali. Mtoto wangu alijenga, kaolewa Haneti, kaniachia. Njoo uone."

Cornel alisubiri. Watu wakimwambia "njoo uone" huwa wanagutuka, wanaanza kuomba radhi. Mwanamke huyu alikuwa tayari anafunga gunia lake.

Aliitwa Dorkasi. Alikuwa mjane, mkubwa kwa Cornel kwa miaka kumi hivi. Walipanda pikapu iliyokuwa inarudi tupu baada ya kupeleka mkaa mjini, wakashuka mahali ambapo upepo ulivuma bila kuzuiwa na kitu. Cornel alisimama kando ya barabara, akageuza uso. Upepo ulitoka mashariki, mnyoofu, na ulikuja na sauti, kila moja mahali pake: mashine ya kusaga kulia, njuga za ng'ombe mbele, na mbali kidogo mtu anagonga ringi ya gari iliyokuwa kengele ya kanisa. Chini ya viatu barabara ilikuwa changarawe. Akipiga hatua kando, ni mchanga. Akipiga nyingine, ni udongo mgumu wa shamba lililovunwa. Hakuna aliyemweleza lolote, na tayari alijua amesimama wapi.

Nyumba ya Dorkasi ilikuwa ya nne kutoka mashine ya kusaga. Alimwacha Cornel auzunguke uwanja kwa fimbo yake, yeye akaendelea kupepeta mtama, bila kumfuata nyuma.

"Hapo mbele pana shimo," alimwambia bila kuinua sauti. "Choo cha zamani. Hatua mbili kutoka kwenye mti wa mnyaa. Nilifukie, au utalikumbuka?"

"Nitalikumbuka."

"Vizuri. Maana nina kazi nyingi." Akapepeta. "Unakula mlenda?"

"Nimelelewa nao."

"Unajipikia?"

Cornel alisita. Angeweza kudanganya. "Sijawahi kuachiwa," alisema.

"Utaunguza sufuria mbili tatu. Zangu usiziguse, nunua zako."

Cornel alikaa chini kwenye kizingiti cha chumba kile cha tofali, akapapasa sakafu, akapapasa mlango. Ulikuwa na komeo kwa ndani. Alilisukuma, likaingia, akalivuta, likatoka. Alifanya hivyo mara nne au tano mpaka Dorkasi akamuuliza kama limeharibika.

"Halijaharibika," alisema. "Dada, nahamia."

Hakuhamia siku hiyo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bartolomayo, alisikia habari kabla jua halijazama, akaja na wazee wawili. Cornel alisimama kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tumefurahi kupata mgeni wa serikali," alisema Bartolomayo. "Ila kuna jambo. Hapa tuna visima, tuna korongo, tuna ng'ombe wakali. Ukipatwa na neno, serikali itamkamata nani? Tunataka barua. Ofisi yako iandike kwamba inakudhamini, ipige mhuri."

Siku ya sita, kwa hiyo, Cornel alikwenda ofisini kuomba barua. Respicius alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mkonze?" alisema. "Mzee Cornel, huko ni mbali."

"Mbali na nani?"

"Na ofisi! Basi la wafanyakazi linaishia Kikuyu. Kutoka Mkonze mpaka Kikuyu ni mwendo wa saa nzima, kwa mtu anayeona." Kiti kilipiga kelele, alikuwa amesimama. "Hapana. Siwezi kuandika barua ya kukupeleka kwenye hatari. Dhamiri yangu haikubali. Chumba chako kipo hapa, funguo hizi hapa."

Cornel alisikia funguo zikiwekwa mezani mbele yake. Hakuzigusa. Alitoka, akaenda kwa Wambura wa masijala, akamwomba mashine ya taipu na karatasi mbili. Akakaa, akatafuta kwa vidole safu ya katikati ya herufi, pale alipofundishwa kuanzia, akaandika. Alipomaliza alimwomba Wambura amsomee kama hakuna kosa. Wambura, mtu wa Mara asiye na maneno mengi, alisoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Hakuna kosa hata moja," alisema.

Kesho yake Mzee Bartolomayo naye aliisoma kwa sauti mbele ya wazee wake, uwanjani kwa Dorkasi:

"Mimi, Cornel Chibwana, opereta wa simu, mwenye umri wa miaka arobaini na mbili na akili timamu, nahamia Mkonze kwa hiari yangu. Nikianguka, nimeanguka mwenyewe. Nikipotea, nitauliza njia. Nikifa, nitazikwa kama wanavyozikwa wengine. Ninajidhamini mwenyewe na hakuna mtu mwingine wa kuulizwa."

Mzee mmoja aliguna. Bartolomayo aligeuza karatasi huku na huku, ikalia.

"Haina mhuri," alisema.

"Mzee, kwa heshima," alisema Cornel, "hapa kijijini kuna mtu mwingine aliyeleta barua yenye mhuri kwamba hataanguka?"

"Wewe ni tofauti."

"Silvano alianguka kisimani mwaka jana," Dorkasi aliingilia kutoka kwenye mtama wake. "Mchana kweupe, na macho yake mawili, na pombe yake. Ninyi ndio mlimtoa. Alileta barua?"

Wazee wote wawili walicheka kwa pamoja, kicheko cha ghafla ambacho hakikuweza kuzuiwa. Bartolomayo alijaribu kutocheka, akashindwa. Kisha akafungua mkoba wake. Cornel alisikia kifuniko cha kidau cha wino kikifunguliwa na mhuri wa kijiji ukigonga karatasi juu ya goti.

"Basi," alisema mwenyekiti. "Sasa una mhuri. Na kazi za kijiji zipo Jumamosi. Usiseme huoni."

"Nitakuja," alisema Cornel.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu, naye hakumficha mtu. Aliunguza sufuria nne. Siku ya tatu aliacha barabara mahali pasipostahili, akaingia kwenye mabua ya mtama, akazunguka humo mpaka akawa hajui pa kutokea. Alipiga kelele. Dorkasi alimjibu kutoka uwanjani kwake, mbali kabisa:

"Uko shamba la Meshack! Geuza uso upepo ukupige mbele, halafu njoo moja kwa moja!"

Hakuja kumchukua. Cornel aligeuza uso, akaja moja kwa moja, mabua yakimchana mikono, akatokea kwenye mnyaa, hatua mbili kutoka kwenye shimo. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na furaha kubwa ambayo hakutaka Dorkasi aisikie.

Asubuhi alitoka saa kumi na mbili kasoro. Akienda mjini upepo ulimpiga shavu la kulia. Akirudi jioni, la kushoto. Alijifunza barabara mpaka akaijua kama namba za simu za wizara zote: daraja dogo, mahali penye kokoto kubwa, nyumba yenye bata. Mwezi wake wa kwanza alitembea peke yake. Baadaye mwalimu mmoja aliyefundisha shule ya Kikuyu alianza kumsubiri, si kumwongoza bali kupiga soga, na wafyatua tofali wawili wakaongezeka, na saa hiyo ya mwendo ikawa fupi.

Januari mvua ilinyesha. Ilianza alfajiri kwa kishindo, kama kawaida ya Dodoma, na korongo lililokuwa kavu tangu Aprili lilifurika ghafla likakata barabara. Cornel alisimama ukingoni na mwalimu, wafyatua tofali na watu wa baiskeli kama ishirini, wote wakisikiliza maji yakivingirisha mawe. Walivuka saa nne. Alifika ofisini saa tano kasorobo, suruali imejaa tope, akakuta kiti chake kimekaliwa na mtu na simu zinalia bila kupokelewa vizuri.

Mchana Respicius alimwita.

"Nina barua yako," alisema.

"Ya nini?"

"Ya onyo. Imeandikwa, hii hapa." Akamwekea karatasi mkononi.

Cornel aliipapasa. Karatasi laini, isiyo na alama yoyote ambayo vidole vyake vingeweza kuisoma. "Nisomee," alisema.

"Utasomewa na mtu wa masijala."

"Umeiandika wewe, Bwana Respicius. Naomba unisomee wewe."

Respicius alisafisha koo. Alianza kusoma haraka, halafu polepole zaidi. Barua ilisema kwamba opereta amekaidi makazi aliyopangiwa kwa usalama wake. Kwamba uchelewaji wake umeathiri mawasiliano ya idara. Kwamba kutokana na hali yake ya ulemavu anatakiwa kuhamia mara moja kwenye chumba kilichopo ofisini.

"Rudia hapo," alisema Cornel. "Kutokana na nini?"

"Hali yake ya ulemavu."

"Maji ya korongo yalijuaje kwamba mimi ni mlemavu? Nilisimama na watu ishirini wenye macho. Nao hawakuvuka."

"Si hoja ya korongo."

"Sila wa uhasibu anakaa Area C. Amefika saa ngapi leo?"

Cornel alijua jibu, kwa sababu simu ya kwanza aliyopokea ilikuwa ya benki ikimtafuta Sila, na Sila hakuwepo.

"Amefika saa tano na nusu," Cornel alisema. "Barabara yao ilijaa tope. Umempangia stoo gani?"

"Mzee Cornel." Sauti ya Respicius ilishuka, ikawa karibu. "Nakuambia kama ndugu. Unajua kuna orodha ya kupunguza wafanyakazi inaandaliwa. Wizara nzima. Mtu mwenye barua ya onyo kwenye faili lake ni rahisi kuandikwa. Ukikaa hapa nyuma hakuna atakayekugusa, nitakuwa na la kukutetea. Nisaidie nikusaidie."

Hapo Cornel aliogopa. Alikuwa amesikia kwenye waya watu waliopunguzwa wakipiga simu ofisi hadi ofisi, sauti zao zikizidi kuwa za adabu kadiri wiki zilivyopita. Opereta asiyeona angepata kazi wapi tena?

"Iweke kwenye faili," alisema.

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiria. Iweke, na mimi nitaandika jibu, nalo uliweke kando yake. Kama nitapunguzwa, nipunguzwe kwa kuchelewa saa tatu na robo kwenye kazi ya miaka kumi na tisa. Lakini stoo sihamii. Mkinifukuza kazi nitakuwa sina kazi, na bado nitakuwa nakaa Mkonze."

Alisimama, akaipata njia ya mlango bila kupapasa, na nje akaegemea ukuta mpaka moyo ulipotulia.

Respicius hakukata tamaa. Alimtafuta dada mtu. Hilda alifika Mkonze Jumamosi moja ya Machi, amesafiri toka Kibakwe kwa lori la maharage, akiwa na barua ya afisa kwenye khanga. Cornel alimtambua kwa mwendo kabla hajasema neno, akaenda kumpokea.

"Nimekuja kukuchukua," Hilda alisema baada ya salamu. "Ama twende ofisini kwa yule kijana ukakae alikokupangia, ama turudi nyumbani. Watu wanasema nimekutupa porini, Cornel. Mimi niliyekubeba mgongoni."

"Hujanitupa. Kaa, dada, nakupikia."

"Unapika?"

Aliwasha moto, akateleka maji. Hilda alikaa kama mtu anayekalia miiba. Kila Cornel aliponyoosha mkono karibu na moto, alivuta pumzi. Maji yalipochemka na unga ukaingia, hakuweza kuvumilia tena. Aliinuka akaukamata mwiko.

"Nipe, utaungua."

"Acha, dada."

"Nipe, Cornel!"

Wote wawili waliushika, wakavutana juu ya sufuria, dada wa miaka hamsini na kaka mwenye mvi, na hakuna aliyelegeza. Ugali ulianza kunusa kuungua.

"Dada," Cornel alisema bila kuachia, "ulinishika mkono nilipokuwa na miaka minne. Ulifanya vema, nami sitasahau. Lakini hujaniachia mpaka leo. Niachie."

Cornel alisikia pumzi ya dada yake ikipanda na kushuka. Halafu mwiko ukawa mwepesi mkononi mwake.

Alisonga. Upande mmoja ulikuwa umeungua na katikati palikuwa na buja la unga mbichi, lakini Hilda alikula na mlenda mpaka akamaliza, akilia kidogo, kisha akasema mboga haina chumvi. Alikaa siku tatu. Siku ya pili alikwenda na Dorkasi kuchota maji, na wawili hao walirudi wakizungumza kwa kilugha, wakimsema Cornel kwa ubishi wake kana kwamba hayupo. Naye akawaacha waseme. Siku ya kuondoka, Hilda alimpa barua ya afisa. "Mrudishie," alisema. "Mwambie nimekuta mtu mzima ana nyumba yake."

Orodha ya waliopunguzwa ilibandikwa Juni. Wambura aliisoma mara mbili, kidole juu ya kila jina, akamwambia Cornel kwamba hayumo. Cornel hakujua ni bahati, ni Respicius aliyemtetea kimyakimya, au ni kwa sababu hakuna mwingine aliyezijua namba zote kwa kichwa. Hakuuliza. Wala Respicius hakusema. Walisalimiana asubuhi, walifanya kazi, na suala la makazi halikutajwa tena kati yao. Mei Mosi ilikuwa imepita na zawadi ya mfanyakazi bora alipewa mwingine. Barua ya onyo ilibaki kwenye faili.

Julai, baada ya mavuno, Cornel alikwenda kwa Mzee Bartolomayo kuomba kiwanja chake mwenyewe. Alikitaka upande wa barabara unaopigwa na upepo, na wazee walipomwonyesha kingine, chenye kivuli na karibu na majirani, alikipima kwa hatua zake, akawashukuru, akasema hapana. Walibishana hadi saa ya chakula. Wakampa alichotaka. Jumamosi iliyofuata alipigilia vigingi vinne, akafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, akavua viatu ili aifuate kwa unyayo, akaanza kuchimba msingi.